Gramu Thelathini na Nane

Jumatano, 30 Julai 2025

Tetemeko Urusi, Kamchatka. Nane nukta nane! Simu imejaa tangu alfajiri. Watu wasionitafuta hata sikukuu leo wananiuliza kama tsunami itafika Kibaha. Kibaha, jamani! Bahari yenyewe mpaka upande gari ndiyo uione. Nimewajibu wote neno moja: haifiki.

Ndugu yangu Badru naye, kwenye chai: eti dada, hii ndiyo kazi yako ya chuo? Nikamweleza. Bamba moja la dunia linazama chini ya jingine. Kule chini sana yanakwamana miaka mia, mia mbili, halafu yanafyatuka. Juu, karibu na sakafu ya bahari, ufa umejaa udongo laini. Vitabu vya zamani vilisema hapo juu hapana neno, panateleza polepole tu, hapana nguvu. Mwaka 2011 Japani hapo hapo pasipo na neno palifyatuka karibu mita hamsini. Ndipo maji yaliposukumwa. Sasa tunatafuta ushahidi kwenye nyufa nyingine: je, na huko kina kifupi kiliwahi kufyatuka, au ilikuwa Japani peke yake? Ukiteleza kwa kasi udongo unaungua. Joto linaacha alama. Badru akasema eeh, akaomba sukari.

Udongo wenyewe ninao. Gramu arobaini, kwenye mkebe wa bati. Umechimbwa chini ya bahari mbali huko, watu wamepanga foleni miaka kuupata. Msimamizi wangu, Dkt. Evance, alinikabidhi kwa mikono miwili kama anayenipa mtoto. Friji ya maabara imekufa wiki ya tatu hii, na ndani ya udongo kuna mafuta ya viumbe vya kale ambayo bakteria wakiyala, kazi imekwisha. Ndiyo maana nimeutia chumvi ya zebaki. Maelekezo yalisema kiasi fulani, nikatia mara mbili. Kwa joto letu hili!

Na nimeuleta nyumbani. Dkt. Evance alisema usitoke kwenye kabati la maabara. Lakini mashine ya eksirei ya kupimia madini ya chuo mbovu, ya kiwanda cha vigae Zegereni nzima, na Zegereni na hapa Kongowe ni pua na mdomo. Nani atabeba mkebe kila siku Dar kwenda na kurudi? Hajui, na hatajua.

Nilipokuwa nauweka juu ya kabati la vyombo, wifi Salama akaniuliza nini hicho. Nikamwambia ni udongo tu. Ningetaja zebaki, Badru angenitoa nje mimi na mkebe wangu.

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Zogo. Salama alikwenda kliniki jana, damu imeshuka mpaka nane. Mimba ya miezi saba. Ya tatu hii, mbili zilitoka. Nesi kamuuliza unakula udongo? Kajichekesha. Leo Badru kakuta vipande kwenye foronya, vile virefu vya sokoni. Kavitupa chooni vyote. Kapiga kelele mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri.

Salama kalia kama mfiwa. Anasema hawezi, usiku anaota harufu ya vumbi lililonyeshewa mvua. Mimi nikamwunga mkono Badru. Nikamhutubia wifi yangu habari ya minyoo na upungufu wa damu, dakika ishirini nzima, kidole juu. Ungenisikia ungedhani nimesomea udaktari.

Jumamosi, 2 Agosti 2025

NIMEUPATA!

Niandike taratibu. Asubuhi nilitenga kipande kama ukucha kutoka kwenye ule mstari mweusi, mwembamba kama uzi, nikaenda nacho Zegereni. Onesmo wa maabara ya kiwanda alikuwa ananisubiri getini, amenikopesha kofia ya kiwandani. Anapima udongo wa vigae siku nzima, huu wangu kwake kama sherehe. Tukausaga, tukaupaka kwenye kioo, mashine ikanguruma nusu saa.

Udongo wa pembeni mwa mstari ni ule unaovimba ukilowa maji, mbichi kabisa. Wa kwenye mstari haupo tena vile. Umegeuka. Umeungua! Na kina chenyewe ni kifupi mno, hapo juu hakuna joto la ardhi la kuugeuza. Uligeuzwa kwa kusuguana. Kwa kasi. Sekunde chache, maelfu ya miaka iliyopita, na hakuna aliyekuwepo.

Onesmo akaniuliza sasa hiyo maana yake nini. Nikamwambia maana yake ule ufa wanaosema hauna neno, una neno. Akapiga mluzi. Akasema basi dada utapata uprofesa, usinisahau.

Bado mafuta ya kale, nayo hubadilika kwa joto. Yakikubali nayo, hapatakuwa na wa kubisha. Hayo yatapimwa nje, mkebe wote unasafirishwa mwezi huu.

Nimerudi nyumbani nikamkumbatia Salama tumbo na vyote. Akacheka. Leo ana raha, hajalia hata mara moja.

Jumapili, 3 Agosti 2025

Kisarawe kwa Mama. Nimefuata udongo mweupe wa vilima vya kule, nataka niupime kwenye mashine ile ile, ulinganishwe na wangu. Mama Mwamini binti Mwinyijuma alikuwa ameshanichimbia ndoo nzima. Nilitaka kiganja. Shikamoo yangu hata hajaimaliza kuitika, ameanza: mwanamke wa miaka thelathini na moja, wenzako wanabeba watoto, wewe unabeba matope.

Nikamweleza matokeo. Akasikiliza. Halafu akasema, bahari ilimchukua mdogo wangu Kibwana, na wewe ukaenda kuisomea. Mjomba alikuwa anaogelea na wenzake Dar, siku ile ya Desemba 2004. Wengine wakatoka. Mama hajawahi kukubali kuwa kitu kilichovunjika Indonesia asubuhi kinaweza kumfuata mtu mpaka huku mchana. Leo akauliza, hivi ule ufa ulikuwa wa juu au wa chini? Mara ya kwanza kuuliza tangu nianze shule! Nikasema vyote, Mama. Akanifungia mihogo.

Kamtumia Salama ndimu na asali. Kasema mimba hii izaliwe, ameshachoka kufunga kanga za msiba.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Sijielewi.

Dkt. Evance kaandika saa nne: mkebe uletwe Jumatatu, utapimwa uzito mbele yake na kufungwa lakiri. Nikasema ngoja niupime mwenyewe kwanza. Nikatoa mizani yangu ndogo, ile ya sonara.

Gramu ishirini na moja.

Nikapima tena. Nikabadilisha betri. Ishirini na moja! Ulikuwa arobaini mkebe ulipofika hapa. Kipande cha Onesmo hakikufika hata nusu gramu. Kumi na tisa zimekwenda wapi?

Panya? Panya hafungui mkebe wa mfuniko. Nimeumwaga Zegereni? Mkebe haukwenda Zegereni. Nimemwuliza Badru kama kuna mtu ameshika vitu vyangu. Akasema dada, nani anaiba matope? Nimemwuliza Salama. Alikuwa anakwangua nazi, hakuinua uso. Kasema hajui, wifi.

Nimewagombeza wote wawili. Nimesema maneno ambayo sitayaandika.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimefanya jambo la kishenzi. Naandika ili pawepo mahali fulani ukweli uliposemwa.

Sikulala. Nikipeleka ishirini na moja nimekwisha. Ataniuliza mkebe ulikuwa wapi. Miaka mitano ya kusoma, ufadhili, jina la chuo, wale wa nje waliotuamini. Kumi na tisa hazirudi nikilia au nisilie.

Nimechukua udongo wa Kisarawe. Mweupe pee, ungeonekana. Nikausaga na unga wa mkaa wa jikoni mpaka ukawa kijivu, nikalowesha kidogo, nikaukausha juani kwenye sinia. Nikatia kwenye mkebe, nikachanganya. Nikaishia kwenye gramu thelathini na nane. Arobaini kamili ingetia shaka, mbili zinapotea kwa kawaida kwenye kufungua na kufunga.

Yaani nimeua ushahidi wangu mwenyewe. Kule watapima mafuta ya kale na kukuta mkaa wa Kongowe. Mkaa umeungua, kwa hiyo jibu litakuwa ndiyo, joto lilikuwepo. Nililolitaka. Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya.

Salama katapika mara tatu leo. Badru anasema mihogo ya Mama.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Salama hainuki kitandani. Mdomoni anasema ladha ya chuma, kama amenyonya msumari. Fizi zimevimba. Tumbo linamkata, kuharisha, na kwenye haja kuna damu. Badru kaenda dukani kwake kufungua, kaniachia nimwangalie.

Saa tano nilimpa maji. Akacheka ufizi ukaonekana, nikasimama na kikombe mkononi. Ladha ya chuma.

Nikafunga mlango. Nikamwuliza, wifi, ulikula kwenye mkebe wangu? Akaapa. Akaapa tena. Nikamshika mabega, nikamwambia sikugombezi, niambie tu. Akaanza kulia, ndiyo akasema. Kijiko kimoja asubuhi, kingine Badru akilala. Tangu siku ile vyake vilipotupwa. Una chumvichumvi, wifi, sijawahi kula udongo mtamu vile. Amesema aliacha Jumatatu, alipoona unapungua akaogopa.

Nikamwuliza kwa nini. Kwa nini hukuniomba?

Akasema, wewe mwenyewe ulisema ni udongo tu.

Akanishika mkono, kaomba nisimwambie Badru. Ameapishwa juu ya mtoto huyu asiguse tena udongo. Badru akijua na mtoto akipata shida, atasema ni yeye Salama aliyemuua, kama zile mbili. Niahidi wifi. Nikamwahidi. Mungu wangu, nilimwahidi haraka kweli! Kama niliyekuwa nasubiri kuombwa.

Nimesoma usiku wote huu kwenye simu. Zebaki inakwenda kwenye figo. Inavuka mpaka kwa mtoto. Nimepiga hesabu ya niliyotia, mara mbili ya maelekezo, kwa gramu kumi na tisa, kwa mwanamke wa kilo hamsini na nane. Sitaandika nilichopata.

Kesho nasema. Kukicha tu.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Sikusema kukicha. Kulikucha, nikapika uji. Nikaosha vyombo. Nane Nane, Badru yuko nyumbani, nikasema asali ya Mama inaweza kumsaidia, tumsubiri kidogo. Nimemsubirisha mtu mwenye zebaki tumboni kwa kijiko cha asali! Mimi, msomi.

Saa saba Salama kasema hajapata mkojo tangu jana jioni. Uso umejaa. Kasema mtoto leo amepoa.

Hapo nikamwita Badru uani. Nikamwambia: kala udongo wangu wa utafiti, una dawa ndani, dawa yenyewe ni sumu. Alinitazama. Nilitegemea kofi, ningelishukuru. Akauliza tu, dawa gani? Nikasema zebaki. Akasema ile ya wachimba dhahabu? Nikasema ndiyo. Akaketi chini kwenye mchanga, na suruali yake ya sikukuu.

Bajaji. Hospitali. Salama njiani hakunitazama. Nilimvunjia ahadi na bado nilichelewa, vyote viwili.

Daktari wa zamu ni dada mdogo, Dkt. Jenifa. Ameuliza vizuri, bila kukaripia. Sumu gani, lini, mimba ya miezi mingapi. Nilijibu yote. Akasema afadhali umesema, wengi wanaficha, tunatibu malaria mpaka mtu anakufa. Nilijisikia mwema. Kweli kabisa, nilijisikia mwema, nikalala kwenye benchi kama mtu aliyemaliza kazi.

Damu zimechukuliwa. Kipimo cha zebaki hawana, kinakwenda Dar na majibu ni siku kadhaa. Hesabu ya figo imepanda, si vizuri. Daktari anasema yote yanategemea alikula kiasi gani. Kama ni kingi, apelekwe Dar haraka, kule kuna mashine ya kusafisha damu na dawa ya kuitoa zebaki. Kama ni kidogo, maji ya mishipani na kumwangalia, maana kumtikisa barabarani na mimba ile, na figo zile, ni hatari nayo.

Kamwuliza Salama mwenyewe. Salama anaweweseka, kasema vijiko viwili vitatu. Mbele ya Badru angesema ngapi?

Daktari kaniambia kesho nilete mkebe na hesabu zangu.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Saa tatu asubuhi. Nimeleta mkebe. Nimekesha nauangalia. Nilitaka kuumwaga, nikasema nikiumwaga nitaulizwa. Nilitaka kuuacha nyumbani. Nimeuleta.

Salama amekuwa wa njano. Anapumua kwa mdomo. Mapigo ya mtoto yapo, wamenisikilizisha, yanakimbia.

Saa nne na nusu. Dkt. Jenifa kasema hakuna muda, ameshaandika rufaa ya Dar kwa tahadhari. Gari la wagonjwa lipo uani, ni moja tu leo, na kuna baba mmoja wa ajali naye anangoja. Akaniuliza, dada, mkebe ulikuwa na kiasi gani mwanzo? Nikasema arobaini. Hiyo ni kweli.

Akaupeleka kwenye mizani ya famasi. Nilimfuata. Nilisema moyoni, mizani ikitulia nitasema. Ikatulia. Thelathini na nane.

Akasema ah! Gramu mbili!

Akachukua karatasi yangu ya kipimo, akapiga hesabu kwenye simu, akapiga tena. Akasema kwa gramu mbili dozi ni ndogo sana, ingekuwa kichefuchefu siku mbili na kwisha. Basi hii figo ina sababu nyingine, inawezekana ni kifafa cha mimba kinaanza, kitibiwe hapa hapa, asitikiswe. Akamwita dereva, kasema rufaa imesitishwa, mpakie yule baba.

Nilifungua mdomo. Badru alikuwa nyuma yangu. Alinishika bega kwa nguvu, machozi yanamtoka, kasema asante dada. Asante. Nilidhani umeniulia mke, kumbe gramu mbili tu. Nisamehe nilivyokuwaza jana.

Nikasema usijali.

Nilisema usijali!

Amekwenda kumpigia Mama simu Kisarawe, namsikia kutoka hapa, anacheka na kulia pamoja. Anasema kidogo tu, Mama, kidogo tu, Mungu mkubwa.

Kumi na tisa. Gramu kumi na tisa. Kumi na tisa. Nimeiandika mara tatu na hakuna anayesoma.

Nikisema, Badru atajua nilimwacha mkewe siku nzima kwa ajili ya mkebe, na usiku mzima, na leo tena. Dkt. Evance atajua. Kule nje watajua. Nisiposema, Jumatatu nauchukua mkebe, unafungwa lakiri, na mimi naitwa daktari mwakani. Nayaweka sawa kwenye karatasi kana kwamba yana uzito mmoja.

Dkt. Jenifa yuko pale mlangoni mwa wodi, anasaini, hatua kumi kutoka kwenye benchi hili. Wanaume wawili wamemleta yule baba wa ajali kwenye kitanda cha magurudumu. Dereva amewasha gari.

Nilisimama.

Nimekaa tena. Wanafunga mlango wa nyuma.